Jiwe la Yowe na Kibao Nilichong'oa

Nimestaafu. Wenzangu wa ofisini wameniomba niwaandikie ninyi, maafisa utamaduni mnaoanza, jinsi tulivyotekeleza Mpango wa Utamaduni wa Jamii wa halmashauri yetu. Waliniambia nitaje mafanikio. Nadhani walitegemea picha za vikundi vya ngoma na wageni rasmi waliovishwa migolole. Mimi nitawaandikia habari za kibao kimoja cha serikali nilichoking'oa mchana kweupe, watu wakiona. Sikukirudisha na sitaomba radhi.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kutoka Nyakunguru unafika kwa pikipiki kabla kiuno hakijaanza kuuma, hiyo inatosha. Mkimaliza kusoma mtaelewa kwa nini.

Kazi niliianzia Mugumu. Siku ya kwanza nilipewa meza ndani ya stoo ya mipira na jezi za mashindano ya shule, kwa kuwa utamaduni na michezo ni idara moja na michezo ndiyo yenye mizigo. Kwenye korido waliniita Afisa Ngoma. "Afisa Ngoma, leo hatuchezi?" Niliitika kwa jina hilo mpaka wakachoka wenyewe. Kifaa changu kilikuwa redio ya kaseti yenye kitufe cha kurekodi, na betri zake nilizianika juani zikiisha nguvu, kama watu wanavyoanika muhogo. Zilikuwa zinaamka kidogo, zinanasa wimbo mmoja, kisha zinakufa tena.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Wambura, afisa aliyekuwa akikaribia kustaafu, mtu wa koti la mvua hata kiangazi. Alinipeleka Busawe. Katika nyumba moja niliona pembe ndefu imetundikwa ukutani, nikamuuliza mwenye nyumba ina maana gani. Yule bwana akakohoa, akakaa vizuri, akanipa maelezo marefu ya mababu na umoja na amani. Nilirekodi yote, betri zikaishia hapo. Njiani Mzee Wambura alicheka mpaka akasimamisha baiskeli.

"Amekutungia," alisema.

"Ametunga?"

"Sasa angefanyaje? Umemuuliza maana. Ukimuuliza mtu maana anakupa hotuba. Muulize nani anaruhusiwa kukigusa, na mara ya mwisho kiliguswa lini."

Tuliporudi kwa yule bwana niliuliza hivyo. Pembe ile ilikuwa imepigwa wiki iliyopita kwenye msiba, na anayeruhusiwa kuipiga ni mpwa wa yule bwana, mlevi, lakini ndiye mwenye mapafu. Hakuna mababu wala umoja. Tangu siku hiyo sijawahi kumuuliza mtu maana ya kitu, na ninawashauri nanyi muache.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Tarime. Huko kesi zilikuwa ngumu zaidi, na nyingi zilitengenezwa na sisi wenyewe. Kwa mfano, tuliagizwa kusajili kila msanii katika kikundi chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Susuni kulikuwa na mpiga litungu, kile kinubi kikubwa cha Wakurya kinachonguruma, na alikuwa akipiga peke yake tangu ujana. Nilimsomea masharti. Akafikiri, akasema, "Andika mimi mwenyekiti. Litungu ni katibu, kwa maana ndilo linalokumbuka. Mweka hazina achana naye, hatujawahi kumhitaji." Niliandika hivyo hivyo. Usajili ulipita bila swali, jambo linalowaonyesha ni nani hasa huwa anasoma karatasi tunazojaza.

Kisha ukaja Mpango. Sikuupinga, msinielewe vibaya. Kurasa zake nyingi zilikuwa na akili: ngoma zifundishwe shuleni, lugha zetu zirekodiwe, maeneo ya urithi yatambuliwe na yalindwe. Tatizo lilikuwa safu ya mwisho ya jedwali, ile ya kupimia. Kwa lugha kipimo kilikuwa idadi ya kaseti. Kwa ngoma, idadi ya vikundi. Kwa maeneo ya urithi kipimo kilikuwa vibao vilivyosimikwa. Mkuu wangu wa idara, mtu mpole na mwoga, aliyapenda mambo hayo. "Bila kibao hakuna picha," alikuwa akisema, "na bila picha hakuna utekelezaji."

Katika maeneo hayo kulikuwa na jiwe la Bibi Weigesa.

Nililifikia kwa mara ya kwanza wakati wa kupalilia wimbi, yaani ulezi. Jiwe lenyewe ni kubwa kama ng'ombe aliyelala, limeegemea juu ya mawe madogo, na chini yake kuna uwazi ambao kuku hupita. Mgongoni lina vishimo laini kama ndani ya bakuli. Ukiligonga kwa jiwe la mkononi halitoi sauti ya jiwe. Linalia kama chuma, na mlio unashuka bondeni na kupanda mlima wa pili. Ndiyo maana wanaliita jiwe la yowe. Ng'ombe wakiibwa linagongwa haraka haraka, na kila mwenye miguu anatoka na fimbo. Mtu akifa linagongwa polepole. Kazi ya kugonga ni ya nyumba iliyo karibu, na nyumba hiyo ilikuwa ya Bibi Weigesa, mjane, aliyeishi na mkwe wake Gati.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na halmashauri."

"Nilijua. Wanaotumwa na ndugu zao huwa wanakuja na sukari."

Nilimuuliza mara ya mwisho liligongwa lini. Juzi, alisema, ng'ombe wa jirani. Wamepatikana? Wamepatikana, wote, isipokuwa mmoja ambaye hata mwenyewe hakuwa akimpenda. Nikamuuliza kama simu hazijaliondolea jiwe kazi. Alinitazama kama mtu anayesikiliza redio iliyokosa mawimbi.

"Simu inamwita mtu mmoja," alisema. "Naye ataangalia kwanza ni nani anapiga."

Niliporudi ofisini niliandika kwamba jiwe lile halihitaji kibao, kwa kuwa wanaolihitaji wanajua lilipo, na wasiolihitaji wasijue. Nilimkumbusha mkuu wangu kwamba pale ni karibu na machimbo ya dhahabu, watu wametoka mikoa ya mbali wakiamini kila kilima kina kitu. Alisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaagiza kibao.

Kilichorwa na Fundi Shabani, mchoraji wa Tarime mjini ambaye baba yake alitoka Tanga na akamwachia mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote mkoani. Nilimkuta anakimalizia. Maandishi yalitoka ofisini: nembo juu, kisha ENEO LINALOLINDWA, kisha NI MARUFUKU KUCHIMBA, KUGONGA AU KUHAMISHA JIWE HILI.

"Mama, haya maneno niyapake rangi ya dhahabu? Yatang'aa."

"Shabani, usithubutu."

"Basi njano."

"Una rangi gani nyingine?"

"Njano tu."

Kilisimikwa kwa saruji, mkuu wangu akapiga picha, akaondoka ameridhika. Gati alimsomea mama mkwe wake maandishi yale kwa sauti. Bibi Weigesa aliomba arudie neno la kugonga.

"Kwa hiyo," aliniambia, "ng'ombe wakiibwa nipande kwanza gari niende Tarime kuomba ruhusa? Au niwaambie wezi wasubiri?"



Wachimbaji walifika kabla saruji haijabadilika rangi. Gati alinipigia simu, nikaenda. Nilikuta vijana wamepanga sululu, moko za kupasulia mwamba na karai chini ya kibao kile kile, na shimo limeanza ubavuni mwa jiwe. Walikuwa wameshamega pembe moja ya mgongo na kuipeleka kwenye karasha, kusagwa. Kiongozi wao aliitwa Masanja, mtu wa Geita, mrefu, mwenye heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnatafuta nini hapa?"

"Mama, wewe unajua kuliko sisi."

"Mimi najua kwamba ni jiwe."

Wakacheka wote, kicheko cha watu wasiotaka kumvunjia mtu mzima heshima. Masanja akanionyesha kibao kwa kidevu. "Mama, nimechimba Geita, nimechimba Chunya. Serikali haijawahi kutumia saruji kulinda jiwe la bure. Na lile likigongwa linalia chuma. Sisi si watoto."

"Mmesaga kipande. Mmepata nini?"

"Hatujapata."

"Basi?"

"Basi iko chini zaidi."

Hapo ndipo nilipoona hatari yote. Jiwe lile linalia kwa sababu limeshikiliwa na mawe madogo na upepo unapita chini yake. Ukichimba ubavuni, yale mawe yanateleza, jiwe linakaa udongoni na linakuwa bubu milele. Hakuna fundi wa kulirekebisha. Bibi Weigesa alijua hivyo tangu shimo lilipoanza. Alikuwa ameketi mgongoni mwa jiwe, miguu inaning'inia, akiwaambia vijana wale watalichimba pamoja na yeye. Walikuwa wakimchimbia pembeni kwa adabu.

"Mura," alimwita Masanja, kama anavyomwita kijana yeyote wa Kikurya, "siku ukifukiwa na shimo lako, nani atakuja kukufukua?"

"Wenzangu."

"Hao hapa? Nao watakuwa humo humo na wewe. Gonga hapa."

Akampa jiwe la mkononi. Masanja aliligonga mara moja, kwa aibu kidogo. Mlio ukaenda mlimani ukarudi. Bondeni mtu akaacha kulima, akaweka mkono juu ya macho kututazama.

"Umemwona yule?" alisema Bibi Weigesa. "Huyo humjui. Ukigonga tena, anakuja."

Masanja akashusha sauti. Machimboni kwao, alinieleza, shimo likiporomoka watu hukimbilia pikipiki kwenda kuita msaada, na mara nyingi hurudi kubeba maiti. Alizungumza na wenzake kwa Kisukuma. Walibishana. Mwishowe wakaanza kurudisha udongo shimoni, mmoja akinung'unika kwamba wamerogwa na kikongwe.

"Sisi tunaondoka, mama," Masanja aliniambia. "Lakini kibao kikibaki, kesho watakuja wengine ambao hawataongea na bibi."

Alikuwa amesema kweli. Nikaazima sululu yake.

Ninasikia watu huko ofisini wanasema nilisaidiwa na kundi la wahuni. Si kweli. Nilianza mwenyewe, na Gati alinishika mkono pale saruji ilipogoma. Masanja na wenzake walisimama pembeni kwa sababu niliwaambia hii ni mali ya serikali, na aguse mtu wa serikali. Kibao kilipoanguka Gati aliuliza kama bati lake linafaa kuziba banda la kuku. Nilimwambia halmashauri itafurahi kuona jamii inanufaika.

Mkuu wangu hakufurahi. Alinipa barua ya kujieleza, nikajieleza kwa kirefu, na jibu la idara likawa ni kupendekeza ukuta. Nguzo za zege, seng'enge, geti, na mlinzi. Niliwaambia kikaoni kwamba ikiwa kibao kimoja kiliwaleta vijana wa sululu, basi ukuta wenye mlinzi utawaleta wenye mashine. Mwenyekiti wa halmashauri aliniuliza kwa ukali, "Sasa bila kibao na bila ukuta, mama, tutathibitishaje kwamba huo urithi upo?" Nikamjibu aje aone. Sikumbuki kama nilisema Mheshimiwa.

Alikuja, siku aliyoichagua yeye. Gari lake lilitangulia na kamati ndani yake, lori la nguzo likafuata nyuma, kwa maana walitaka kutazama na kujenga kwa safari moja. Mwenyekiti alilizunguka jiwe akiwa ameshika mikono nyuma.

"Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Mbona ni jiwe?"

Bibi Weigesa, aliyekuwa akipepeta wimbi kando ya nyumba, aliweka ungo chini. "Baba," alimwambia kwa upole, "hizo nguzo ni za nini?"

"Za kukulindia jiwe, bibi."

"Na nikitaka kuligonga?"

"Mlinzi atakuwa na ufunguo. Utamwomba."

"Naye analala wapi?"

Mwenyekiti alimtazama mkuu wangu, na mkuu wangu akatazama viatu vyake. Suala la mlinzi analala wapi halikuwa limefikiriwa. Vibarua walikuwa wameanza kushusha nguzo ya kwanza. Bibi Weigesa alipanda juu ya jiwe, akaokota jiwe la mkononi. Gati akamkimbilia, akamshika nguo.

"Mama, hapana! Hakuna ng'ombe walioibwa. Ukigonga bure tutachinja yule dume!"

Hiyo ni sheria yao. Anayewakimbiza watu bila wizi anawachinjia wote waliokimbia. Nyumba ile ilikuwa na dume mmoja tu, wa kulimia. Nilimwona Bibi Weigesa akimtazama dume zizini, kisha nguzo, kisha mimi. Sikumwambia agonge wala asigonge. Halikuwa dume langu.

Aligonga, ule mdundo wa haraka haraka.

Mnaweza kusoma maandiko mengi kuhusu urithi usioshikika. Mimi nawaambia nilichoona. Kwanza bonde lilinyamaza. Kisha mlima wa pili ukapiga yowe, mahindi yakaanza kutikisika kila upande, na watu wakatokeza: vijana wenye fimbo, wanawake wenye majembe, mwalimu mwenye chaki mkononi, mzee mmoja aliyenyolewa nusu ya kichwa na kinyozi wake nyuma yake. Kutoka njia ya machimbo walikuja watu wa vumbi jeupe, Masanja mbele, sululu begani. Kamati ilirudi nyuma mpaka migongo ikagusa gari.

"Ng'ombe wameelekea wapi?" kijana wa kwanza aliuliza, anahema.

"Hakuna ng'ombe," Bibi Weigesa alisema kutoka juu.

Minong'ono ikaanza. Yule mzee wa nusu kichwa akasogea mbele. "Weigesa, umetukimbiza bure? Unajua gharama yake."

"Najua. Dume yule pale. Kwanza mniambie kama nimekosea." Akanyoosha mkono kwenye lori. "Hawa wanataka kulifungia jiwe ndani. Ufunguo atakaa nao mtu wa mshahara, na hata wao hawajui atalala wapi. Siku wakija kuchukua ng'ombe wako, Mwikwabe, nitagonga nini? Geti?"

Mzee Mwikwabe, ndilo jina lake, aligeuka akatazama nguzo. Vijana nao walitazama nguzo, halafu suti ya Mwenyekiti, na mmoja akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa, "Kwa hiyo wezi ni hawa?"

"Bado sijasema," alijibu Bibi Weigesa. "Nawasubiri ninyi."

Sijawahi kuona kamati ikisikiliza wananchi vizuri kama siku ile. Mkuu wangu alikuwa ameshika mlango wa gari. Mwenyekiti, nitampa haki yake, hakukimbia; alisimama mbele yao, akatoa jasho, akaanza kueleza neno ushirikishwaji. Mzee Mwikwabe alimwacha mpaka akamaliza, kisha akashauriana na wenzake wawili kwa Kikurya, kifupi tu. Akageuka.

"Weigesa amegonga sawasawa," alitangaza. "Hachinji."

"Na sisi tumekimbia," alidakia Masanja kutoka nyuma. "Kwetu lazima mtu achinje."

Kicheko kikapasuka, na kwa mara ya kwanza mabega ya Mwenyekiti yakashuka. Wote walikuwa wakimtazama yeye. Alitazama nguzo iliyolala majanini, akawaambia vibarua waipakie. Hakuna aliyeondoka. Aliwatangazia kwamba hakutakuwa na ukuta. Bado hakuna aliyeondoka.

"Mbuzi," hatimaye alisema. "Nitaleta mbuzi."

"Ni watu wengi, Mheshimiwa," alisema Mzee Mwikwabe.

Alileta mbuzi wawili Jumamosi yake, kwa gari lile lile, na alikula nasi, nusu ya kichwa cha Mzee Mwikwabe ikiwa imeshamaliziwa kunyolewa. Nilikaa kati ya Gati na wachimbaji, nikala mpaka nikashiba.

Jumatatu niliandika taarifa ya robo mwaka. Kwenye vibao vilivyosimikwa niliandika sifuri. Mkuu wangu aliniita, akaniambia sifuri itatuharibia wilaya, niandike moja, kwa kuwa kwa kweli kilisimikwa. Nilikataa. Akaniambia basi niandike angalau sababu. Nikamwambia sababu inasikika mpaka barabara kuu, upepo ukiwa mzuri, na kwamba siku jiwe likinyamaza, hata nikiwa nimestaafu, nitarudi ofisini kwa miguu yangu kujaza pengo hilo. Sijarudi.